Elfi Wako Ana Miaka 145 na Bado ni Mwanagenzi

Wadogo zangu, nyinyi mnaocheza Dungeons & Dragons na michezo ya ukoo wake mmeniuliza jambo moja kwa namna nyingi, na leo nimeamua tukae tulizungumze mpaka liishe. Mnauliza: "Dada, elfi wangu ana miaka mia na ushee. Nimchezeje? Kama mzee wa busara, au kama kijana?" Wengine mnauliza kwa uchungu kabisa, kwa sababu mwendesha mchezo amewaambia mbele za watu kwamba elfi wenu hana tabia za umri wake, na hakuwaeleza umri huo una tabia gani.

Kwa aliyejiunga nasi leo, huu ni mchezo wa kukaa mezani, watu wanne au watano, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake na dadu zake, na mmoja wao ndiye anayeendesha hadithi. Ulianza kuuzwa mwaka 1974 huko Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika wako anaweza kuwa binadamu, elfi, dwafu, nomu na wengine wengi, na viumbe hawa hawakupewa umri sawa. Katika Player's Handbook ya mwaka 2014, elfi anaweza kufika miaka 750. Dwafu kwa wastani huishi 350. Nomu ni kati ya 350 na karibu 500. Nusu-elfi mara nyingi huvuka 180, nusu-orki ni nadra kupita 75. Kisha, nje ya kitabu hicho, yupo aarakocra, mtu-ndege, ambaye amekomaa akiwa na miaka 3 na kwa kawaida havuki 30. Hawa wote mnawakalisha meza moja na kuwaambia ni marafiki wa safari. Haishangazi kwamba maswali hayaishi.

Tuanze na hesabu inayowachanganya watu. Toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003, lilikuwa na jedwali la umri wa kuanzia, na umri wenyewe ulirushiwa dadu. Elfi alihesabiwa mtu mzima akifika 110, halafu unaongeza dadu za pande sita kulingana na kazi yake. Mwizi alirusha 4, mpiganaji alirusha 6, na mchawi msomi, yule wa kubeba kitabu, alirusha 10. Dadu 10 kwa wastani hukupa 35, kwa hiyo mchawi wa kielfi anaanza safari akiwa na miaka 145 hivi, na zikimwangukia sita tupu, ana 170. Binadamu wa kazi hiyohiyo alianza na 15 akaongeza dadu 2: huyo anatoka nyumbani akiwa na miaka 22 hivi. Sasa zilaze karatasi zao mbili pamoja mezani. Wote ni levo ya kwanza. Wote wana uchawi mdogo uleule wa kuanzia, na yeyote kati yao akikutana na goblini mwenye panga usiku, huenda asifike asubuhi.

Alichokijua binti wa miaka 22, elfi amekijua kwa miaka 145. Ni haki kabisa kuuliza: muda wote huo alikuwa anafanya nini?

Nimeona wachezaji wakilijibu swali hili kwa njia mbili, na zote mbili zinaharibu mchezo. Wa kwanza anasema, basi elfi ni wazito wa kuelewa. Hapana. Hakuna kitabu kinachosema hivyo, na wastani wa akili wa elfi haupungui wa binadamu. Wa pili anakwenda upande wa pili kabisa: elfi wake anajua kila njia, kila mfalme, kila lugha, kwa sababu "nimeishi sana". Huyu ndiye anayewanyima wenzake nafasi. Mwenzake aliyejaza karatasi yake ujuzi wa historia akitaka kusema neno, elfi kashamkatiza na kumbukumbu zake. Mdogo wangu, kama dadu haikukupa ujuzi, umri hauwezi kukupa kwa mlango wa nyuma. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kuona walisema, hawakusema kuyaweza.

Jibu la kweli linategemea unaamini elfi anakuaje, na hapa vitabu havikubaliani.

Upo mtazamo wa mwili unaokua polepole. J.R.R. Tolkien, ambaye elfi wa michezo hii wana deni kubwa kwake, aliandika insha kuhusu sheria na desturi za Eldar, yaani elfi wake, iliyochapishwa mwaka 1993 katika Morgoth's Ring. Humo watoto wa kielfi wanasema kabla hawajamaliza mwaka mmoja, lakini miili yao inachelewa sana, na wengi hufikia kimo chao kamili wakiwa na miaka 50, wengine mpaka 100. Akili inatangulia, mwili unafuata nyuma kwa mbali. Dwafu wake nao wana hesabu yao: Dáin alipopigana vita vya Azanulbizar na kumuua orki Azog alikuwa na miaka 32, na kwa dwafu huyo alikuwa bado kijana mbichi. Hobiti huhesabiwa mtu mzima akifika 33, ndiyo maana siku Bilbo anatimiza 111, Frodo naye anatimiza 33 na kuwa bwana wa mambo yake.

Wapo wanaosema mtazamo huu hauingii akilini, kwamba hakuna kiumbe kinachobaki kitoto miaka mia. Maumbile yanawajibu. Papa wa Greenland, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, anaishi si chini ya miaka 270, na jike wake huanza kuzaa akiwa na miaka kama 150. Wanyama wenye maisha marefu mara nyingi huchelewa kukomaa. Kwa hiyo tatizo langu na mtazamo huu haliko kwenye sayansi. Liko mezani. Ukisema elfi wa miaka 60 ana mwili wa mtoto wa shule, basi mama yake amemlea kwa vizazi viwili vya majirani binadamu, na wewe mchezaji huna la kuigiza katika miaka hiyo sitini zaidi ya utoto mrefu.

Toleo la 2014 lilichukua njia nyingine, na mimi ndiyo ninayoipenda. Linasema mwili wa elfi unakomaa karibu sawa na wa binadamu. Akiwa na miaka 20 ana kimo chake, ana nguvu zake, anaweza kushika upanga na anaweza kupenda. Lakini kwao, utu uzima ni zaidi ya mwili. Ni kuijua dunia. Ndipo karibu na miaka 100 anajitangaza mtu mzima na kuchukua jina la utu uzima. Dwafu ni hivyohivyo: anakua kama binadamu, ila mpaka afike 50 wazee wanamwona kijana. Nomu anategemewa atulie na maisha yake akifika 40.

Sisi wa jamii zenye jando na unyago hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Mvulana anaweza kuwa na ndevu na bado asiruhusiwe kukaa na wanaume mpaka apite kwenye jando, kwa sababu ukubwa unatolewa na watu. Elfi wa miaka 60 yuko hapohapo. Kwao anaitwa kwa jina la utotoni. Baraza likikaa, yeye anatumwa maji. Kisha anashuka mji wa binadamu, na watu wanamwita bwana, wanamuuliza ushauri, wanamkopesha pesa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake anachukuliwa kama mtu mzima, na wanaomchukulia hivyo ni wadogo kwake kwa miaka 30. Mpaka hapo una mhusika, na hujarusha dadu hata moja. Anaondokaje tena kurudi kwao? Akirudi, atakubali kutumwa maji?

Kuna safu ya tatu, na wengi wenu hamjaifikia. Elfi halali kama sisi. Hukaa saa nne katika hali ya kutafakari, macho yakiwa yameacha kuona ya nje. Mwaka 2018 kitabu cha Mordenkainen's Tome of Foes kilieleza kinachopita humo ndani. Elfi akiwa mdogo, kinachomjia katika kutafakari ni kumbukumbu za roho yake kabla hajazaliwa, maisha ambayo si haya anayoishi. Inapita miongo. Halafu siku moja inamjia kumbukumbu ya jambo lililompata yeye mwenyewe, katika maisha haya, na kwa elfi hiyo ndiyo dalili kwamba utoto umekwisha.

Hebu litulizeni hilo akilini kidogo. Mtoto anaamka kila asubuhi ametoka kuwa mtu mwingine. Amepigana vita ambavyo hakuvipigana, amewalilia watu ambao hawajui. Mchana anafundishwa kuchonga upinde, usiku anakumbuka kwamba aliwahi kuuchonga vizuri zaidi kwa mikono isiyokuwa hii. Mpaka ajue kipi ni chake na kipi ni cha aliyetangulia, miaka inakwenda. Ukiniuliza mimi, hapa ndipo swali la "alikuwa anafanya nini miaka mia" linapopata jibu lenye heshima. Alikuwa anajitafuta kati ya wengi. Binadamu hana kazi hiyo, ndiyo maana miaka saba inamtosha kusoma.

Sasa tuje kwenye kucheza kwenyewe, maana najua hapo ndipo mnaponisubiri.

Elfi wa umri mkubwa asiongezewe ujuzi. Aongezewe kumbukumbu, na kumbukumbu hizo ziwe zimechakaa. Hili ndilo nililotaka kuwaambia kuliko yote. Kundi linataka kuvuka mto, elfi anasema kuna daraja la mawe nyuma ya kinu, ameshalipita. Wanakwenda. Kinu hakipo, daraja lilichukuliwa na mafuriko miaka 40 iliyopita, na msichana anayefua nguo kando ya mto anasema bibi yake ndiye aliyewahi kulitaja. Elfi hakudanganya. Alilipita kweli. Ila kwake ilikuwa juzi. Au wanaingia kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba, mzee wa miaka 78 mwenye mkono unaotetemeka, anamkazia macho elfi kisha anasema: "Wewe ulinichongea farasi wa mti." Elfi anamtazama haoni chochote cha yule mtoto isipokuwa kovu la nyusi. Mwendesha mchezo mzuri atanyamaza hapo na kukuachia nafasi. Usiijaze kwa hotuba. Uliza tu farasi yuko wapi.

Mnaona tofauti? Elfi mjuaji anafunga hadithi, kwa kuwa kila swali lina jibu lake. Elfi mwenye kumbukumbu zilizochakaa anaifungua, kwa kuwa kila anachokijua kinahitaji kuulizwa upya. Na wenzako watakupenda, kwa sababu binadamu wa kundi lenu ndiye atakayejua bei ya ngano ya leo na jina la mfalme wa sasa.

Upande wa pili wa umri ni kupoteza, na sheria zenyewe zina mahali zinapouweka wazi. Mzimu wa toleo la 2014 ana sura ya kutisha. Ukiitazama na kura yako ya kujiokoa ikapungua kwa 5 au zaidi, unazeeka hapohapo. Unarusha dadu ya pande nne na kuzidisha kwa 10. Tuseme imetoka 4. Elfi mwenye miaka 145 sasa ana 185, na hata nywele haijabadilika. Nusu-orki aliyesimama naye bega kwa bega, mwenye miaka 25, sasa ana 65, na umri wake ni nadra kuvuka 75. Upo uchawi mkubwa wa kumrejesha, lakini ni lazima ufanywe ndani ya saa 24, na kundi la levo za chini haliuwezi lenyewe. Zile saa 24 za kumtafuta kasisi, elfi akiwa mzima kabisa na rafiki yake akishindwa kupanda ngazi, zina mafunzo mengi kuhusu umri kuliko jedwali lolote. Mwendesha mchezo, usiharakishe safari hiyo. Waache watembee kwa mwendo wa mzee.

Nyinyi mnaopenda nusu-elfi mna jambo lenu la peke yenu, na wengi mnaliruka. Nusu-elfi anakua kama binadamu na ni mtu mzima akiwa na miaka 20 hivi. Mzazi wake binadamu atakufa yeye akiwa bado na nguvu zote. Hilo mnalikumbuka, kila karatasi ya nusu-elfi ninayosikia ina mama aliyefariki. Lakini mzazi wa upande wa elfi je? Anaishi mpaka 750, na mtoto wake akijitahidi anavuka 180. Huyo mzazi atamzika mwanawe, na anajua tangu siku ya kwanza. Tena, mwanawe akiwa na miaka 20 na kujitegemea, kwa hesabu za mzazi huyo ni mtoto mdogo anayetoka nyumbani peke yake. Ukimcheza nusu-elfi, mwandikie mzazi wako wa kielfi barua ndani ya mchezo. Mwombe mwendesha mchezo ajibu. Kuna wachezaji watakaolia, na sioni ubaya wake.

Mchezo wa Pathfinder umelichukua jambo hili mpaka ukalipa watu wake. Wapo elfi waliolelewa kati ya binadamu, wanaitwa Forlorn, ambao wamewaona rafiki zao wa utotoni wakikua, wakioa, wakizeeka na kuzikwa, wao wakiwa hawajaota hata dalili ya uzee. Merisiel, mwizi wa kielfi unayemwona kwenye picha za vitabu vyao, ni mmoja wao. Wale mnaosoma manga mmekutana na habari hiyohiyo katika Frieren, iliyoanza mwaka 2020: elfi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja anasafiri na wenzake miaka 10, kwake ni kitu kidogo, halafu baada ya miaka 50 anarudi na kugundua kwenye mazishi kwamba hakuwahi kumfahamu vizuri mtu aliyemzika. Kama unatafuta namna ya kumcheza elfi bila kumfanya mwenye dharau, anzia hapo. Hawadharau wafupi wa maisha. Hajapata tu sababu ya kuharakisha, mpaka amechelewa.

Nina neno la dada sasa, na hili sitalizungushia. Mara kwa mara naulizwa kuhusu mhusika mwenye sura na akili za mtoto ambaye mchezaji mmoja anataka aingizwe kwenye mambo ya mapenzi, kwa hoja kwamba karatasi inasema ana miaka 300. Namba hiyo haihalalishi kitu. Mhusika anayeonekana mtoto, anayesema kama mtoto na kutendewa kama mtoto mezani, ni mtoto, na mambo ya mapenzi hayamhusu. Ukikaa kwenye meza ambayo mtu anang'ang'ania hoja hiyo, mwambie mwendesha mchezo, na asipokusikia, beba dadu zako uondoke. Hasa wewe uliye chini ya miaka 18 unayecheza na watu wazima. Hutakuwa umekosa adabu.

Mtasikia pia kwamba vitabu vya karibuni vimeanza kuyapunguza haya. Ni kweli. Kitabu cha Monsters of the Multiverse cha mwaka 2022 kilisema tu kwamba kwa kawaida mhusika huishi karibu karne moja, na kwamba wapo wanaoishi zaidi. Toleo jipya la mwaka 2024 bado linawapa elfi miaka 750 hivi na dwafu 350. Zile adhabu za uzee za toleo la 3.5, ambapo binadamu akifika 35 na elfi akifika 175 walipoteza nguvu za mwili na kuongezewa za akili, hazimo tena, na mimi sizililii. Zilimfanya kila mchezaji mwerevu atake mchawi mzee. Lakini usiruhusu kupungua kwa jedwali kukufanye uone umri haujalishi. Kinyume chake, sasa kazi hiyo imebaki mikononi mwako.

Kwa hiyo kabla ya kikao chenu kijacho, usimpelekee mwendesha mchezo namba peke yake. Mpelekee umri wa elfi wako, jina analoitwa kwao, jambo moja analolikumbuka ambalo halipo tena, na mtu mmoja aliyemzika. Karatasi ya nusu ukurasa inatosha.